Kiranja wa Dua

Nyumbani,
3 Machi

Kaka yangu,

Sisi wazima. Mwanao mzima, anakula, anakua, na mdomo wake haujui kupumzika, Chiriku wako unamjua. Baada ya hayo sina salamu nyingine. Nina hasira.

Juzi Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Akafunga mlango, akapanga kalamu zake mezani, akazipangua, akazipanga tena. Nikajua hapa kuna jambo. Akasema, "Mwalimu, nimeletewa maneno. Inasemekana unaanza somo kwa dua, na darasa zima linaitikia." Nikamwuliza nani kaleta. Akasema hilo hawezi kunitajia. Nikamwambia, "Basi na mimi siwezi kumjibu mtu asiye na jina." Akasema hii ni shule ya serikali, watoto wa kila dini wamo, na kamati ya shule itakaa katikati ya mwezi ujao kunisikiliza.

Kunisikiliza, kaka. Mimi niliyelipokea darasa lile wakati hakuna mwalimu aliyetaka kulikanyaga. Nilikuandikia, utakumbuka. Walikuwa wanarushiana viatu mimi nikiwa ubaoni. Nikaanza kuwasomea dua fupi asubuhi kabla ya hesabu. Wanasimama, wanafumba macho, wanakunjua mikono, naomba, wanaitikia amina, tunakaa, tunafungua madaftari. Muhula haukuisha, darasa likawa la watu. Wazazi wananisimamisha sokoni kunishukuru. Wala simlazimishi mtu. Siku ya kwanza kabisa nilisema mbele yao wote: asiyetaka, mlango uko wazi. Hakutoka hata mmoja.

Na ninamjua aliyepeleka maneno. Ni fundi cherehani wa pale kona, baba wa yule msichana anayekaa nyuma karibu na dirisha. Darasa langu karibu lote ni Waislamu, wao ni Wakristo, wako wachache. Miaka yote hii ananishonea nguo, ananipima huku anachekacheka, kumbe moyoni ana yake. Nimekwenda kuchukua kitambaa changu kabla hajakikata. Shoga zangu nao nimewaambia wachukue vyao. Sasa acheke na cherehani yake.

Ninachotaka kwako ni barua. Iandike kama baba wa mwanafunzi, useme huna kinyongo na dua yangu na kwamba mwanao amefaidika nayo. Nawe ukumbuke kwamba nyumba hii tunayokaa mimi na Chiriku ni ya walimu. Nikitolewa kazini, tunatolewa na ndani.

Mdogo wako,
Mwalimu


Kambini, kiwanda cha saruji,
9 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana siku hizi nikikaa mgongo unagoma kuinuka. Nimeisoma nikarudi kazini, nikautupa mfuko kwenye lori kwa hasira, ukapasuka, nikawa mweupe kuanzia kichwani kama mtu aliyeoga unga. Wenzangu wakaniuliza, "Vipi, umefiwa?" Nikawaambia bora ningefiwa, kuna fundi nguo anamchezea dada yangu.

Ningekuwa karibu ningempima mimi huyo fundi, kwa mikono. Mtu unamlelea mtoto, darasa likatulia, halafu anakwenda kukusema kwa nyuma. Kama hapendi si angekuja mlangoni kwako akasema, Mwalimu, mimi sipendi?

Barua ya kamati iko ndani ya bahasha hii. Nimeiandika mwenyewe. Wakiona makosa waambie baba wa mtoto aliishia darasa la sita, lakini akili anazo. Nimesema mwanangu tangu aanze kufundishwa na wewe ana adabu na ana dini, na mwenye kuchukia dua ajiangalie yeye mwenyewe.

Ngoja nikwambie ya huku, ndiyo ujue dua mbaya inafananaje. Mnyapara wetu ni mlokole. Kila asubuhi kabla ya kupangiwa kazi anatusimamisha duara mbele ya ghala, tunashikana mikono, anaomba kwa jina la Yesu kwa sauti inayoshinda mashine. Sisi Waislamu tumo wachache, na mnyapara anatujua mmoja mmoja. Akimaliza mahubiri anasema, "Hapa halazimishwi mtu. Asiyetaka, lango lile pale." Sasa nani aende langoni? Nje ya lango kuna wanaume wamekaa juu ya mawe tangu alfajiri, wanangoja mmoja wetu akohoe vibaya wachukue nafasi yake.

Basi tunafumba macho. Asiyefumba ni mmoja tu, mtu wa mnyapara, tumempa jina Kamera. Anazunguka nyuma yetu polepole akichungulia midomo. Ukiwa umeibana, anakwenda kumnong'oneza mnyapara, na siku hiyo kazi yako ni chini ya mkanda. Hujui mkanda. Ni ule unaopeleka saruji juu kwenye mapipa. Inayomwagika inadondoka chini, kwenye handaki ambalo mtu hawezi kunyooka, na wewe unaingia humo na beleshi unaizoa huku nyingine inakumwagikia kisogoni. Ukitoka jioni unatema tope.

Kwa hiyo mimi natikisa midomo. Unajua nasema nini? Nahesabu misumari ya ukuta wa bati. Msumari, msumari, msumari, mpaka amalize. Halafu natoa amina kubwa kuliko ya wote. Usicheke. Na kila siku, mnyapara akishaomba, mmoja wetu anapewa zamu ya kuongoza. Yangu nimekuwa nikimwachia mzee mmoja tunayemwita Kofia, mpenda kusema sana, namgawia chai yangu na yeye anasimama badala yangu. Ila Kamera ameanza kunusa.

Huyo ndiye wa kupelekwa kamati, si wewe. Wewe unawafundisha watoto kumjua Mungu. Huyu anatutisha na ugali wetu.

Mwambie Chiriku aniandikie. Aandike mwenyewe, usimsimamie.

Kaka yako


Nyumbani,
17 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shangazi kaenda kwenye kikao cha walimu ndiyo nakuandikia. Kaniachia stempu.

Mimi nimepewa cheo. Ni kiranja wa dua. Tangu mwaka uanze. Kazi yake ni kwamba wenzangu wakifumba macho mimi sifumbi, napita katikati ya madawati, naangalia nani anachungulia na nani haombi. Shangazi akimaliza anauliza, "Kiranja, wote wameomba?" Mimi nasema wote, au namtaja mtu. Mwanzoni niliona raha sana. Hata wale wakubwa waliokuwa wananivuta nywele waliacha.

Binti wa fundi cherehani alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunakula pamoja. Aliniambia siri yake, kwamba yeye midomo inatikisika lakini anasema saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, mpaka tuitikie amina. Alisema ni kwa sababu dua zetu hazijui na nyumbani wanaomba vingine, na akitoka nje kila mtu atamtazama. Nikamwambia sawa, sitakutaja.

Lakini kuna wiki sikumtaja mtu yeyote. Shangazi akasema, "Kiranja gani huyu asiyeona?" Wenzangu wakacheka. Kesho yake nikapita, nikamkuta amefumbua macho anatazama dirishani, nikamtaja. Baba, nilimtaja tu, sikujua. Shangazi akamwita mbele akamwambia aombe yeye peke yake kwa sauti. Hakujua maneno. Akasimama. Shangazi akasema tutangoja. Tukangoja. Akajikojolea.

Tangu siku hiyo hakai na mimi. Akiniona napita anatikisa midomo haraka haraka.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu kumwomba aniondoe ukiranja. Akaniuliza, "Ukiranja wa nini?" Nikamwambia wa dua. Akaniuliza ndiyo nini hicho. Alikuwa hajui. Nikamweleza vyote na yeye akaandika. Mimi sikushtaki. Nilitaka aniondoe tu.

Sasa Shangazi anasema ni fundi. Fundi hajui kitu. Jana nimepita pale, hakuna nguo hata moja imetundikwa, amekaa nje anajipepea. Kaniuliza, "Chiriku, Shangazi yako nimemkosea nini?" Nikakimbia.

Usimwambie Shangazi kama ni mimi. Tafadhali sana baba.

Mwanao,
Chiriku


Kambini,
23 Machi

Mwalimu,

Sikuamkii. Barua yangu niliyokupa ya kamati irudishe. Au ichane. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu leo hii kwamba nimeifuta, kwamba niliandika nikiwa sijui.

Uliniambia dua. Hukuniambia una kiranja. Hukuniambia mwanangu, mtoto wa marehemu mke wangu, unamtembeza katikati ya madawati awachungulie wenzake midomo. Niliposoma nilikuwa kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye foleni. Kamera alikuwa mbele yangu na sahani yake. Jitu zima lenye ndevu. Nikamtazama, nikamwona mwanangu.

Unajua Kamera tunamchukia kiasi gani? Akitaka kulala hakuna anayempisha. Akiumwa hakuna anayemwuliza. Na siyo mbaya sana, mdogo wangu, nilikuwa naye kabla hajapewa hiyo kazi, alikuwa mtu wa utani. Alipewa kwa sababu macho yake ni mazuri. Ndivyo ulivyompa Chiriku. Mtoto wa miaka kumi umempa kazi ya kuchukiwa, ukamwambia ni cheo.

Halafu unaniandikia "asiyetaka, mlango uko wazi". Barua yako nilipoipata mara ya kwanza maneno hayo yalinipita. Leo nimeyasoma tena nikasikia sauti ya mnyapara. Maneno ni yale yale, kwake ni lango na kwako ni mlango. Kama mimi mwanaume na misuli yangu hii naogopa kwenda langoni, huyo mtoto wa watu angetokaje mlangoni, darasa zima likimtazama? Na ulimsimamisha mbele mpaka akajikojolea. Hilo nalo hukuliandika.

Mimi nilidhani dua mbaya ni ya wale. Kumbe na sisi tukiwa wengi tunaijua vizuri tu.

Fundi hakukusema. Sikia vizuri: hakukusema. Mrudishie kitambaa chako akishone, na hao shoga zako wamrudishie vyao. Usiniulize nimejuaje.

Sikukatazi dini. Mama yetu alikufundisha kama alivyonifundisha mimi. Swali, funga, omba mpaka paa lifunguke, lakini uombe wewe. Usimpange mtoto wa mtu kwenye mstari.

Kaka yako


Nyumbani,
30 Machi

Kaka,

Unasema nisikuulize umejuaje. Sina haja. Kutoka huku wanaokuandikia ni wawili tu, na mmoja ni mimi. Niliposoma barua yako nikamwita mwanao, nikamwuliza, "Chiriku, ulimwambia nini Mwalimu Mkuu?" Akanyamaza. Chiriku kanyamaza. Hilo lilikuwa jibu, na umelitoa wewe kwa kalamu yako, halafu utasema unamlinda.

Sikumgusa, kama ndiyo unachoogopa. Nimepika, amekula, amelala. Ananiangalia kama kamati itakavyoniangalia.

Sasa na mimi nikwambie. Umekaa huko mwaka wa ngapi? Nani alikuwa hapa wifi alipofariki? Ulikuja, ukazika, ukalia, ukapanda gari ukarudi kwenye mifuko yako. Mwanao alikaa kwenye kona ya jiko langu hasemi, wiki baada ya wiki, tukadhani amekuwa bubu. Sikuwa na dawa. Nilichokuwa nacho ni dua. Nikawa nakaa naye chini, nashika mikono yake naikunjua, naomba kwa ajili ya mama yake. Neno la kwanza alilotoa lilikuwa amina. Nikalia mpaka sufuria ikaungua. Ndiyo maana nilipopewa lile darasa lililoshindikana nikalipa kitu kile kile. Sikuwa na kingine. Nilikipa kwa moyo mweupe.

Ukiranja nao, ulitaka nifanyeje? Watoto wakifumba macho wote wanapigana mateke. Darasa lina viranja wa kila kitu, wa chaki, wa ufagio, wa maji. Nikaweka na wa dua. Nikampa mwanao kwa sababu nilitaka apendwe.

Yule msichana nilikosea. Nilidhani ananifanyia kiburi. Nilipoona sakafu imelowa nilitaka kumfuata nimshike, nikaona darasa linanitazama, nikaogopa nitaonekana nimeshindwa. Nikasema, "Kaa." Ndiyo hivyo, umefurahi?

Lakini wewe usinifundishe. Wewe unayetoa amina kubwa kuliko ya wote. Mimi naomba ninachokiamini, hadharani, na nitakifia. Wewe unahesabu misumari na kumpa mzee wa watu chai akudanganyie Mungu. Kati yetu mnafiki ni nani? Angalau binti wa fundi ni mtoto.

Barua yako ya kujitoa imefika kwa Mwalimu Mkuu. Alinisomea kwa upole, upole ule wa kukata. Kamati sasa itajua hata ndugu yangu wa tumbo moja amenikana. Wakinitoa kwenye nyumba, njoo umchukue mwanao. Mlango uko wazi.

Mwalimu


Kambini,
7 Aprili

Mdogo wangu,

Neno la mwisho la barua yako lilinikaa kifuani kuliko vumbi. Umenirushia neno la mnyapara ukijua kabisa. Vizuri. Ulilenga, ukapata.

Mnafiki ni mimi. Hilo sibishani nawe.

Zamu yangu ilifika. Kamera alishamwambia mnyapara habari ya chai, na Kofia akakatazwa kusimama badala ya mtu. Asubuhi mnyapara akaniita kwa lile jina analonipa, "Shehe, leo tuongoze." Watu wakacheka kidogo, unajua kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Nikaingia katikati ya duara. Nilikuwa na barua yako kwenye mfuko wa shati. Nikasema, "Mnyapara, mimi naomba kwangu. Hapa nimekuja kupakia saruji." Akasema, "Halazimishwi mtu. Lango lile pale." Nikamwambia, "Nimeliona. Siendi. Nipangie kazi."

Hakuna aliyecheka hapo. Kamera alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipangiwa chini ya mkanda. Nimepangiwa tena jana, na leo, na nafikiri ndiyo makazi yangu sasa. Usidhani nakuandikia unisifu. Na usidhani wenzangu walinifuata. Kesho yake walishikana mikono kama kawaida, na Waislamu wenzangu walipaza amina kuliko mwanzo, wasije wakaunganishwa na mimi. Kofia ananinyima macho. Siwalaumu. Nina hasira nao, lakini siwalaumu. Hizo ni hasira za mtu anayezoa unga wa mawe akiwa ameinama, hazina pa kwenda, zinarudi kwenye beleshi.

Sasa nisikilize. Uliyoyaandika ya mwanangu kwenye kona ya jiko sikuwa nayajua. Hukuwahi kuniambia kwamba aliacha kusema. Ulikuwa unaniandikia "mzima, anakula". Niliyasoma tena nikiwa humo handakini kwenye mwanga wa mlango, nikajiuliza mimi ni baba wa nini. Kwa hilo nakupigia magoti. Kwa hilo tu.

Lakini ile dua ulimpa yeye kwa sababu alikuwa na msiba na alikuwa wako, umemshika mikono, umekaa naye chini. Darasani hukukaa chini. Darasani ulisimama na fimbo mkononi ukaweka askari. Vitu hivyo havifanani hata kidogo, na wewe ndiye uliyesoma, siyo mimi wa kukueleza.

Kambini ni vitanda vya wanaume na matusi. Sina pa kumweka mtoto. Unajua sina, ndiyo maana uliandika vile. Basi nakuomba kama ninavyojua kuomba: nichukie mimi. Mimi niko mbali, chuki ikifika huku imeshapoa. Chiriku yuko karibu, itamfika ikiwa ya moto. Alikwenda kuomba avuliwe kazi aliyoichukia, basi. Hata mimi ilinichukua miaka kufanya hivyo.

Na fundi. Nimekwambia mara moja, nakwambia ya pili.

Kaka yako


Nyumbani,
20 Aprili

Kaka,

Kamati ilikaa. Nyumba bado tunayo, nianze na hilo ili uweze kuinama vizuri kwenye handaki lako.

Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Nikuambie ukweli wote, nilishapanga kusema kiranja wa dua ni maneno ya watoto, kwamba Chiriku tangu afiwe anabuni mambo. Nilikuwa nayo hiyo sentensi mdomoni. Halafu wakamwita fundi cherehani kama mzazi. Aliingia na tepu yake shingoni, alisahau kuivua. Mwenyekiti akamwuliza kuhusu malalamiko yake. Akasema, "Malalamiko gani?" Wakamwambia ya siku binti yake aliposimamishwa mbele ya darasa. Akageuka akanitazama. Akasema, "Mwanangu hajaniambia. Alikuja nyumbani na sketi mbichi, akasema amemwagikiwa na maji." Akarudia, "Alisema ni maji."

Ile sentensi yangu ikapotea. Nikasema ni kweli. Kiranja yupo, nilimweka mimi. Msichana nilimsimamisha mimi.

Nimepewa onyo la maandishi. Dua darasani hakuna tena, iwe yangu au ya mwingine yeyote. Mwenyekiti akasema nikitaka kuomba, chumba cha walimu kiko, na mapumziko yapo. Akadhani ananifariji. Kaka, sijakusamehe. Kila nikiiona ile bahasha yako naona ulivyonianika mbele ya Mwalimu Mkuu, na bado naona ungeniuliza kwanza. Ungeniandikia mimi kabla ya kumwandikia yeye. Na dua yangu bado naiona ilikuwa nzuri. Nilichokiweka nyuma yake ndicho kilichokuwa kibaya. Naweza kuyasema yote mawili, na hasira zangu zikabaki palepale.

Chiriku ameanza kuongea tena. Jana alinieleza habari ya kuku wa jirani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mwisho haukuwepo. Sikumkatiza.

Kitambaa nilikirudisha kwa fundi. Alinipokea, akanipima mabega, kiuno, urefu, hakuchekacheka. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akasema, "Inua mkono, Mwalimu." Nikainua. Akapima. Shoga zangu wawili wamerudi kwake. Wengine wameshazoea fundi mwingine.

Sasa asubuhi nikiingia darasani wanasimama kwa mazoea, na ile dakika ya dua ipo palepale, tupu. Nasema, "Kaeni. Fungueni madaftari." Leo niligeuka kutoka ubaoni nikamwona binti wa fundi, pale nyuma karibu na dirisha. Amefumba macho. Midomo inatikisika. Nilishajua anasema nini, Chiriku naye aliitwa akaeleza yote mbele ya kamati, saba mara moja, saba mara mbili. Nikataka kumwambia hesabu hizo anaweza kuzisema kwa sauti humu ndani, ni darasa la hesabu. Nikamwendea taratibu, nikainama, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Unasema nini, mwanangu?"

Akasimama wima. Akakunjua mikono.

"Naomba, Mwalimu."

Mdogo wako